Shajara ya mradi: Dishi za mita 3.7 na minara ya nguzo moja, kutoka bandari kavu ya Naivasha hadi Kisumu na Maragoli

Naandika kila hatua inapokamilika, ili anayebeba mzigo wa aina hii kuelekea magharibi apate pa kuanzia. Bei ni tulizolipa sisi. Ukipatana vizuri zaidi, hongera. Majina ya mteja, ya wenye malori na ya watu tuliokutana nao njiani nimeyaacha.

16 Januari 2025: Mzigo wenyewe

Kuna minara miwili ya nguzo moja ya kusimamishwa Kisumu, na antena mbili za duara, kila moja kipenyo mita 3.7, za kupandishwa kwenye mnara wa vyuma vya pembe uliokwisha kusimama juu ya vilima vya Maragoli, Kaunti ya Vihiga. Vyote vimeshuka kwenye treni ya SGR, reli mpya kutoka Mombasa, katika bandari kavu ya Naivasha. Jina hilo huwapoteza madereva wageni. Bandari haiko Naivasha mjini, iko upande wa Mai Mahiu na Suswa, barabara iendayo Narok. Mwambie dereva "Mai Mahiu" na utaokoa mafuta.

Minara si tatizo kubwa. Kiwanda kilikata vipande vya mita 11.8 ili viingie kwenye kontena la futi 40, ambalo kwa ndani lina kama mita 12. Vikisimamishwa, kipande cha juu hukivalia cha chini kwa angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha maungio, kwa hiyo vipande vinne vyenye jumla ya mita 47.2 hufika karibu mita 43 tu angani. Fanya hesabu hiyo kabla ya kulipia mnara.

Dishi ndizo zenye mambo. Mteja anavusha mawasiliano juu ya Ghuba ya Winam hadi upande wa Homa Bay, kwa masafa ya gigahezi 6 na kitu. Maji yaliyotulia hurudisha mawimbi kama kioo; wimbi lililogonga ziwa hufika kwa mpokeaji likiwa limechelewa kidogo na kulipunguza nguvu lile lililokuja moja kwa moja. Dawa ni antena kubwa yenye mwali mwembamba, chini ya nyuzi 1, na nyingine ya pili chini yake kwenye mnara huohuo, ili moja ikififia nyingine ishike. Kwa masafa hayo urefu wa wimbi ni kama sentimita 4.5, na uso wa dishi ukipinda milimita chache tu kazi inaharibika. Kwa hiyo tunabeba kitu kisichofika nusu tani, chenye upana wa barabara ya kijijini, na kisichotaka kuguswa ukingoni.

Kuna watengenezaji wanaouza dishi za ukubwa huu zikiwa nusu mbili za kuunganishwa kwa bolti. Hizo zingeingia kwenye kontena na shajara hii isingekuwepo. Mteja alinunua kipande kimoja. Basi.

28 Januari: Kuilaza, kuisimamisha au kuiinamisha

Kwenye treni kreti zilisafiri wima, kwa sababu reli ya SGR ilijengwa na nafasi ya kupitisha kontena mbili zilizopandana. Barabara haina huruma hiyo. Kreti ni mita 3.9 kwa 3.9, unene mita 1 (ukuta wa pembeni wa dishi ulikuja vipande, katika sanduku lake). Lobedi, yaani trela lenye sakafu ya chini, tuliyopata ina sakafu ya mita 0.9 kutoka lami.

Ukilaza kreti, upana ni mita 3.9: gari linakula njia yake na sehemu ya njia ya wanaokuja. Ukiisimamisha, kimo ni 4.8. Tukachora ya kuinamisha kwa ubavu. Kwa nyuzi 60 upana unashuka hadi 2.8 lakini kimo kinabaki karibu 4.8, hakuna ulichopata upande wa nyaya. Kwa nyuzi 45 upana ni kama 3.5 na kimo kama 4.4. Tumechagua 45.

Likabaki swali la upande upi uwe juu. Matawi ya miti yako kushoto mwa barabara. Nyaya zinazovuka hulegea zaidi katikati, yaani kulia kwa gari letu. Tumeinua upande wa kushoto, maana tawi hupinda au hukatwa kwa ruhusa, na waya wa umeme haubembelezwi.

11 Februari: Fremu ya kwanza imekataa

Fremu za kuinamishia zilichomelewa Nakuru na mafundi wa jua kali, kazi safi, KSh 38,000 kwa moja. Fundi alifuata mchoro: kreti ikae kwenye mihimili miwili, ishikwe kwa mikanda minne pembeni.

Tulijaribu na dishi moja ndani ya uwanja wa bandari. Kipimo chetu ni nyuzi mbili za mshipi, kila moja kutoka ukingo hadi ukingo wa dishi, zikipita katikati kwa msalaba. Ukingo ukiwa sawa, nyuzi hugusana bila kusukumana. Kabla ya kuinamisha ziligusana vizuri. Baada ya kukaza mikanda, pengo la kama milimita 9 likaonekana. Kreti ya mbao ilikuwa imekubali kupinda, na dishi ikapinda nayo. Kulegeza mikanda kukairudisha, ahueni kubwa, lakini mikanda iliyolegea haiwezi kushika mzigo kwenye matuta.

Fundi mkuu aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Injinia, hii kitu munaishika masikio. Ishikeni kiunoni." Nyuma ya dishi kuna pete ya chuma ambayo ndiyo hufungwa mnarani, hiyo imeundwa kubeba uzito na upepo. Fremu ya pili ina mkono wa bomba unaopenya nyuma ya kreti na kufungwa kwa bolti kwenye pete hiyo. Ukingo hauguswi na chochote, mikanda inafunga fremu kwenye lobedi tu. Nyuzi ziligusana baada ya kukaza. Gharama: KSh 64,000 kwa moja, na ile ya kwanza ikauzwa kama chuma chakavu.

20 Februari: Kupima njia

Njia tulizolinganisha ni mbili. Ya Narok, Bomet na Kericho haina malori mengi, lakini kuanzia Kapkatet hadi Litein na kuendelea kuna vituo vya soko vinavyofuatana, kila kimoja na nyaya zake. Ya Nakuru, Mau Summit, Kericho na Ahero ina msongamano, ila ni pana. Tumechukua ya Nakuru. Kuna aliyeuliza kwa nini si reli ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu. Reli ya upana wa mita 1 haiwezi kubeba kreti ya mita 3.9 inayoning'inia kila upande, na bado ungehitaji lori mwishoni.

Tulifunga fito ya faibaglasi kwenye pikapu, ncha yake mita 4.7 kutoka ardhini, tukaendesha polepole njia yote. Madaraja ya waenda kwa miguu yote yalipita. Waya mkubwa wa umeme haukugusa hata mmoja. Kilichogonga fito, tena na tena, ni nyaya za intaneti zilizotupwa kutoka nguzo moja hadi nyingine kuvuka barabara, nyingine zimeshuka hadi mita 4.2. Nyingi hazina kibandiko cha mwenyewe. Tulipiga picha kila moja pamoja na nguzo yake, tukapeleka orodha kwa Kenya Power, kampuni ya umeme, kwa zile zilizo kwenye nguzo zao. Zile za wasiojulikana, kikosi cha Kenya Power kitaziinua siku ya safari.

Usiinue waya wowote kwa mti au fito yako mwenyewe hata ukiambiwa ni wa simu. Ni kikosi cha umeme tu kinachojua ulio hai.

27 Februari: Karatasi

Kibali cha mzigo usio wa kawaida kwa barabara kuu hutolewa na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Barabara za vijijini na za kaunti zina wenyewe, na barua ya KeNHA haikufungulii huko. Ombi letu la kwanza lilirudi: lilitumia kipimo cha dishi kwenye karatasi za kiwanda, mita 3.7, badala ya mzigo ulivyo juu ya gari ukiwa na fremu. La pili lilikuwa na mchoro wa lori kutoka mbele, kutoka nyuma na kutoka ubavuni, likapita.

Wakati huo mzigo unakaa bandarini na gharama za uhifadhi zinapanda. Anza na karatasi meli ikiwa bado baharini. Mteja amelipa uhifadhi mkubwa kuliko nauli ya lori la minara, na sitaandika kiasi kwa sababu aliniomba.

6 Machi: Lori la minara na mizani ya Gilgil

Minara imetangulia kwa trela ya kawaida, ekseli sita kwa jumla. Uzito wote ulikuwa chini ya kiwango kwa mbali, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Gilgil, jozi ya ekseli za nyuma za kichwa (gari linalovuta trela) ilisoma tani 19.3, na sheria inaruhusu 18.

Sababu ni umbo la mzigo. Kipande cha nguzo ni kinene na kizito upande wa chini, chembamba juu. Winchi ilivipakia vyote vitako vikitazama mbele, na uzito wote ukaegemea kichwa. Tikiti ya jumla haiwezi kuonyesha hilo. Kwa kuwa jumla ilikuwa sawa, tuliambiwa turekebishe mzigo ndipo tuendelee. Kutafuta winchi Gilgil mchana huo, KSh 55,000. Tukageuza nusu ya vipande, kitako kimoja mbele kingine nyuma, na kusogeza sanduku la bolti za msingi hadi juu ya ekseli za trela. Mara ya pili ikasoma 17 na kidogo.

Kuna jambo jingine lililotokea hapo. Vipande vyembamba vilikuja vimeingizwa ndani ya vinene kuokoa nafasi ya meli. Wakati wa kugeuza, kimoja kiliteleza karibu mita nzima kutoka ndani ya mwenzake. Kilizuiwa na mnyororo wa utingo aliyeufunga bila kuambiwa na mtu. Tumeongeza kabari za mbao kila mdomo na mkanda unaopita ndani hadi upande wa pili. Minara ilifika Kisumu kesho yake bila habari nyingine.

12 na 13 Machi: Dishi njiani

Mwendo ni mchana tu, gari la kusindikiza mbele na jingine nyuma, na polisi. Lobedi KSh 290,000, magari mawili ya kusindikiza KSh 18,000 kila moja kwa siku. Kikosi cha nyaya kilijiunga nasi kwenye vituo vilivyo kwenye orodha.

Tulitoka Mai Mahiu mapema kuliko inavyohitajika kwa umbali ule, kwa ajili ya upepo. Kati ya Naivasha na Gilgil ni mbuga wazi, na mchana upepo hukata barabara kutoka ubavuni. Kila dishi na kreti yake ni mita za mraba 15 za uso, na tulikuwa nazo mbili. Dere aliweka mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi tulipofika Gilgil na hakuna aliyemsumbua. Nakuru mjini tulipita kabla ya joto la saa sita, matatu zikatupisha kwa maneno yao.

Tulilala Salgaa. Kutoka Nakuru, ambayo iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi zaidi ya 2,500 Mau Summit, halafu unateremka hadi karibu 1,150 Ahero. Kupanda ni suala la subira. Kuteremka ndiko kuliko na historia. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo likavamia watu katika makutano ya Londiani, na waliokufa walikuwa zaidi ya 50. Tulipanga kupita hapo asubuhi mapema kabla ya wachuuzi kujaa, gari la mbele likasimama kwenye makutano mpaka lobedi ikapita. Dere wetu ni mtu mzima wa Kericho, na alipoulizwa na kijana wa polisi atatumia gia gani alijibu, "Ile ningepandia, mwanangu. Huu mlima haujui kama nashuka."

Orodha ya nyaya ilishika vizuri hadi baada ya Kapsoit, tulipokuta waya mpya kabisa wa intaneti ambao haukuwepo tulipopima. Uling'ang'ania kona ya kreti. Gari la nyuma lilipiga honi, lobedi ikasimama kabla waya haujakatika, kikosi kikaunyanyua. Ubao mmoja wa kreti umepasuka, dishi haikuguswa. Kama pengo kati ya kupima na kusafiri ni zaidi ya wiki, gari la mbele libebe fito ile ile siku ya safari. Sisi tulikuwa tumeiacha Nakuru.

Ahero, Nyamasaria, Mamboleo, Kiboswa, Majengo. Jioni lobedi ilikuwa imeegeshwa kando ya lami ya Majengo kwenda Luanda, watoto wa shule wakibishana kama ni sufuria za kupikia harusi.

18 Machi: Mlima wa mwisho

Kutoka lami hadi mnarani ni murram, haifiki kilomita tatu. Imetumia pesa nyingi kuliko Mau Summit.

Lobedi tuliichagua kwa sababu ni ya chini, na kwa sababu hiyo hiyo ilikwama. Penye nundu ya kwanza, magurudumu ya mbele yameshavuka na ya nyuma hayajafika, tumbo likakaa juu ya udongo. Trekta la kukodi lilivuta na kuchimba tu. Mvua ya masika ilikuwa imeanza, murram imekuwa sabuni. Tukarudi kinyumenyume hadi lami.

Njia iliyofaa ni kubadilisha gari. Winchi kutoka Kisumu ikahamisha dishi moja moja, pamoja na fremu yake, kwenye lori fupi la tani 7. Sakafu ya lori hilo ni mita 1.2, kwa hiyo kimo kilipanda hadi karibu 4.7, lakini juu kule kuna waya mmoja tu wa umeme na kikosi kilikuwa kimekwisha kuuzima na kuushusha. Hasara: winchi KSh 85,000 na lori KSh 20,000, na siku ya trekta bure, KSh 12,000. Ningejua urefu wa nundu ile kwa kamba na mtu mmoja wa kushika upande wa pili. Tulipopima njia tulipima juu, chini hatukupima, na yeyote mwenye lobedi apime chini pia.

Kona ya pili inapita kati ya jiwe la matale, yale mawe makubwa yanayojulikana Maragoli yote, na uzio wa boma. Jiwe halisogei. Mzee wa mtaa alitupokea kabla hatujaongea na mwenye boma, na hilo lilitusaidia.

"Barabara ni ya serikali mpaka kwenye ule mkaratusi," akasema. "Kutoka hapo ni shamba la watu, na watu huongea."

"Tungetoa nguzo mbili za uzio na kuzirudisha leo leo, mzee."

"Nguzo si neno. Mama anauliza kuhusu ndizi."

Migomba mitatu ilikuwa inazaa. Mama alitaja bei, tukalipa bila kushindana, tukasaini kwenye daftari lake pamoja na mzee kama shahidi. Kijito kidogo chini ya kona kina kalvati ya bomba la zege. Tuliifunika kwa mabati mazito ya chuma tuliyokodi Luanda. Bomba limepata ufa hata hivyo. Bomba jipya limeagizwa.

Dishi zote mbili zilikuwa chini ya mnara kabla ya mvua ya jioni. Tuliondoa ubao wa mbele wa kreti, tukafunga nyuzi. Ya kwanza ziligusana. Ya pili, ile ya waya wa Kapsoit, pengo lilikuwa chini ya milimita 2, na injinia wa redio akaikubali.

9 Aprili: Juu ya mnara

Kupandisha si kazi yangu, naandika kwa ufupi. Wapanda minara walisubiri asubuhi zisizo na upepo, kwa sababu dishi ikiwa hewani hugeuka tanga. Kamba mbili za kuongoza zilishikwa na watu wanne kila moja. Ile yenye pengo iliwekwa chini. Kulenga upande wa Homa Bay kulichukua muda mrefu kuliko kupandisha, maana mwali ni mwembamba na kuna kilele kidogo cha uongo cha nguvu ya mawimbi kila upande wa kilele cha kweli. Ukisimama kwenye kile cha uongo utadhani antena ni mbovu.

Bomba la kalvati limewekwa, KSh 23,000 pamoja na vibarua. Nguzo za uzio zimerudi. Mabati ya Luanda yamerejeshwa moja likiwa limepinda, tumelilipia.

Fremu mbili za kiunoni ziko kwa fundi Nakuru, hazina kazi nyingine kwetu. Pete ya dishi yako ikiwa na matundu tofauti na yetu itabidi sahani ya mbele ichongwe upya. Mkono wa bomba na miguu vitabaki vilevile. Michoro yenye vipimo nitaiongeza hapa nikiipata kutoka kwake.